Mtembea Bure Si Mkaa Bure: Safari za Binti Kutoka Nyumbani Hadi Kivukoni

Siku naondoka Mwanza kuja kuanza chuo, mama alinisindikiza mpaka stendi ya Nyegezi. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, Dar siyo Mwanza. Ukitoka darasani, ingia hosteli. Mtembezi hula miguu yake." Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Na kwa kweli nilimtii. Mwaka wa kwanza karibu wote nilijua njia tatu tu: hosteli kwenda darasani, hosteli kwenda kafeteria, na hosteli kwenda Mlimani City kununua sabuni. Kivukoni nilikuwa naisoma kwenye vibao vya mwendokasi, basi. Wenzangu wakiniuliza mbona sitoki, nilijibu kwa fahari kabisa: "Mimi sio mzururaji."

Halafu muhula wa pili rumeti wangu akashikwa na tumbo usiku. Alipelekwa hospitali kubwa ya mjini, ikaonekana ni kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji. Mchana akanipigia simu kwa sauti ya chini: nimpelekee nguo, na hasa kadi yake ya bima aliyoisahau kabatini. Nikatoka saa tisa alasiri. Sikujua hospitali iko upande gani wa mji. Nilipanda daladala isiyo yenyewe, nikashuka nisikokujua, nikachukua bajaji ya kwanza iliyosimama. Dereva aliniuliza, "Unapajua lakini?" Nikasema ukweli, sipajui. Akanizungusha, akanitoza hela ambayo ilikuwa chakula changu cha wiki. Nilipofika, muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha. Kadi ilimfikia kesho yake asubuhi, na mjomba wake alikuwa ameshakopa ili alipe taslimu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikidhani kutojua mji ni ulinzi. Kumbe kutojua ndiko kulikonifanya niwe rahisi kuzungushwa, na aliyelipia siyo mimi peke yangu. Tangu siku ile nimekuwa najifunza kusafiri, kidogo kidogo, kwa nauli ya mwanafunzi. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hasa kwa dada aliyefika chuoni mwaka huu na anaogopa kama nilivyoogopa mimi.

Anza kuhesabu kwenye saa ya kufika

Wengi tukikata tiketi tunauliza: basi linaondoka saa ngapi? Kwa msichana anayesafiri peke yake swali la kwanza ni jingine: linafika saa ngapi?

Zamani mabasi ya mikoani yalikatazwa kutembea usiku, kwa hiyo tuliotoka Kanda ya Ziwa tuliondoka alfajiri tukafika Dar usiku, muda ambao ni mbaya kuliko yote. Kuanzia Oktoba 2023 safari za usiku ziliruhusiwa tena, na hapo ndo hesabu ikabadilika. Sasa unaweza kupata basi linaloondoka Mwanza mchana au jioni na kufika Mbezi jua limeshatoka. Watu wa nyumbani husikia "usiku" wakashtuka. Waeleze hivi: usiku ndani ya basi umekaa na watu hamsini, kuna taa, kuna konda, jina lako limeandikwa. Saa saba usiku stendi, na begi mbili, na hujui unakoelekea, ndiyo hatari zaidi.

Kuna njia nyingine kwa wenye ndugu katikati ya safari. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma wiki chache baadaye mwaka huohuo. Dar hadi Dodoma ni chini ya saa nne. Mimi nina shangazi Dodoma, kwa hiyo likizo iliyopita nilipanda treni asubuhi, nikalala kwa shangazi, kesho yake nikachukua basi la Mwanza. Safari iliyokuwa inanivunja mgongo ikawa mbili fupi, zote za mchana. Usisahau kitambulisho: cha kukatia tiketi na cha kuonyesha unapoingia.

Basi lenyewe

Siti nzuri kwangu ni ya mbele mbele, upande wa dirisha, karibu na dereva na konda. Nyuma kabisa ndiko kunakorusha, na ndiko konda haoni kinachoendelea. Ukikata tiketi mwombe anayekukatia akupangie pembeni mwa mwanamke mwenzio. Si kila mara itawezekana, lakini kuomba hakulipiwi. Wakikuambia basi limejaa na wakakupa kigoda katikati ya njia, subiri basi lingine.

Ukishakaa, msalimie jirani yako. Kama ni mama mtu mzima, mpe shikamoo, muulize anakwenda wapi. Hii naiona ndogo lakini ina nguvu kuliko vitu vingi. Mkifika Singida atakuwa anakuita "mwanangu", na mtu akija kukusumbua hatakuta binti aliye peke yake, atakuta binti wa mama fulani.

Halafu kanga. Dada, usisafiri bila kanga. Basi likisimama porini abiria wachimbe dawa, wanaume wanageuka pembeni tu mambo yameisha. Sisi hatuna bahati hiyo. Kanga ndiyo ukuta wako: mnakwenda wawili au watatu, mmoja anashika huku mwingine anajisitiri. Usiku inakuwa shuka, stendi inakuwa mkeka. Wengine hujizuia kunywa maji njia nzima ili wasiombe kushuka. Nilifanya hivyo safari ya kwanza, nikafika Dar kichwa kinaniuma na njia ya mkojo inawaka siku tatu. Kunywa maji, mwambie konda mapema bila aibu, na vituo vya chakula vikifika shuka hata kama hujabanwa.

Kwenye begi dogo linalokaa mapajani weka simu, kitambulisho, chaja, pedi hata kama siku zako bado, sabuni kipande, na hela uliyoigawa sehemu mbili. Begi kubwa la chini liwe na vitu ambavyo vikichelewa hutakwama.

Stendi: muulize uliyemchagua wewe

Safari yangu ya kwanza kabisa basi lilipasua tairi, tukafika Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa saba usiku. Kabla sijagusa ardhi, watu wanne walishanishika begi: "Sista, teksi! Wapi, dada, Kimara? Mwenge?" Nilikuwa karibu kumfuata mmoja kwa sababu tu aliongea kwa upole. Mama mmoja niliyekuwa naye kwenye basi akanivuta, "Mwanangu, hutoki humu ndani usiku huu. Kaa na sisi kukuche." Tukatandika kanga kwenye mwanga, wanawake sita na watoto, tukakaa tukipiga soga mpaka asubuhi. Saa kumi na mbili nilitoka nikiwa mzima, na begi zangu mbili.

Pale nilijifunza kanuni ambayo naitumia kila mahali: muulize uliyemchagua wewe, siyo aliyekuchagua yeye. Anayekujia mbio na msaada ana hesabu zake, hata kama si mbaya. Wewe geuka, tafuta mwenye shughuli yake pale pale asiyeweza kuondoka: mama wa chai, muuza vocha, mlinzi aliyevaa sare. Huyo hana faida ya kukupoteza, na kesho atakuwa palepale.

Kanuni ya pili: ujue kabla hujafika. Kabla ya kutoka hosteli naangalia ramani kwenye simu, naandika kwenye karatasi majina matatu: kituo cha kupandia, cha kubadilishia, na cha kushukia. Karatasi, ndiyo. Simu huzima, na kusimama kando ya barabara umeinamia simu yenye mwanga ni kuwaita vibaka. Ukipotea, ingia dukani, nunua hata maji, uliza humo ndani.

Kanuni ya tatu: bei kabla ya kukaa. Bodaboda au bajaji, mnakubaliana ukiwa umesimama. Akikuuliza "unapajua?", jibu langu siku hizi ni, "Napajua, nipitishe njia ya kawaida." Ukiita usafiri kwa programu ya simu, linganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na muulize dereva amekuja kumchukua nani. Usimtajie jina lako wewe kwanza.

Jumamosi moja, jiji zima

Baada ya ule mkasa wa hospitali nilijipa kazi: kila mwezi Jumamosi moja najifunza njia mpya. Naanza asubuhi, narudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hii hapa ndiyo ziara niliyoipenda kuliko zote, na inamfaa anayeanza kwa sababu karibu yote iko kwenye mstari mmoja.

Panda mwendokasi Ubungo, gari la Kivukoni. Mabasi haya yalianza 2016 na yanapita njia yao wenyewe, kwa hiyo ni vigumu kupotea: vituo vina majina yaliyoandikwa. Pata siti ya dirishani ukiweza, uone mji unavyobadilika: Magomeni, bonde la Jangwani, Fire, halafu majengo yanaanza kurefuka.

Shuka DIT. Barabara inayokatiza hapo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mimi nilikuwa nalisikia jina hili likiitwa na makonda bila kujiuliza. Bibi Titi alikuwa mtoto wa Dar es Salaam, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alikabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU, na akawatafuta kulekule alikowajua, kwenye vikundi vya ngoma, nyumba kwa nyumba. Baadaye alizunguka mikoani akihutubia mikutano, enzi ambazo mwanamke kutoka peke yake mlangoni kulihitaji maelezo. Baadaye alifungwa kwa kesi ya uhaini, akaachiwa 1972. Nilisimama kwenye barabara yake nikamkumbuka mama na methali yake. Kama Bibi Titi angekaa nyumbani, sijui tungewapata vipi wanawake wale.

Ukifuata barabara hiyo upande mmoja unafika Mnazi Mmoja, upande wa pili unafika Maktaba Kuu ya Taifa. Ingia Maktaba. Kuna kivuli, kuna kimya, na kwa msichana aliye mjini peke yake ni mahali pa kupumzika ambapo hakuna atakayekuuliza unamsubiri nani.

Kutoka hapo tembea taratibu kuelekea mtaa wa Shaaban Robert, iliko Makumbusho ya Taifa. Beba kitambulisho cha chuo. Humo utakutana na habari za fuvu la Zinjanthropus, la miaka kama milioni 1.75, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Shuleni tulikariri "Dokta Leakey" tukamfikiria mwanamume. Aliyeliona siku ile ni Mary Leakey. Mumewe alikuwa amebaki kambini anaumwa.

Malizia Kivukoni. Ukitokea Makumbusho ni mwendo mfupi tu kuelekea baharini. Soko la samaki la Feri lina kelele na harufu, na mama lishe wanaokaanga samaki mbele ya macho yako. Uliza bei kwanza. Kisha panda pantoni kwenda Kigamboni. Ni dakika chache tu, lakini ukisimama pembeni ukaangalia mji ukiwa majini, na mnara wa kanisa la Azania Front lililojengwa na Wajerumani, unaona umbo lake kwa mara ya kwanza. Wakati wa kupanda na kushuka watu hukimbia, kwa hiyo begi liwe kifuani na usiwe na haraka. Rudi na pantoni hiyohiyo, panda mwendokasi, Ubungo kabla ya giza.

Kwa siku nzima nilitumia nauli, samaki na maji. Nilichorudi nacho ni ramani kichwani. Leo mtu akiniambia mgonjwa yuko hospitali fulani mjini, najua ni kituo gani nashuka.

Wakikusumbua

Nisidanganye: nimesumbuliwa. Nimeitwa majina, nimeshikwa mkono Kariakoo, na kwenye mwendokasi saa za jioni kuna wanaotumia msongamano kujibandika. Mwanzoni niliganda. Nikaona aibu kana kwamba kosa ni langu.

Sasa nafanya hivi. Nasimama ubavu, siyo kumpa mgongo, na begi nalitia katikati yetu. Akiendelea nasema kwa sauti, bila tusi, ili wote wasikie: "Kaka, toa mwili wako hapo." Sauti ndiyo silaha, kwa sababu anachotegemea yeye ni ukimya wako. Mara nyingi kuna mama atadakia, "We kijana, vipi?" na mchezo unaisha. Kama hauishi, shuka kituo kinachofuata, simama penye watu, panda gari lingine. Nauli ya pili si hasara.

Na ujue kwamba hili siyo suala la "ndo walivyo" tu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ile inayoitwa SOSPA, ilifanya unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba ya dharura ya polisi ni 112. Ukienda kuripoti, nenda na mwenzio, ukiwa umeandika saa, mahali, na namba ya gari kama unayo.

Na wewe kaka unayesoma hapa: tukisema kwa sauti ndani ya basi, usitazame dirishani. Neno moja lako linatosha.

Mama

Kwa muda mrefu nilitembea kwa siri, na hilo lilikuwa kosa langu kubwa. Safari ya siri ndiyo hatari, kwa kuwa ukikwama hakuna anayejua pa kuanzia kukutafuta. Siku moja nikampigia mama nikamwambia yote, mpaka lile la bajaji. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Na samaki walikuwa bei gani?"

Tukakubaliana. Kabla sijatoka namtumia ujumbe: naenda wapi, nashukia wapi, narudi saa ngapi. Rumeti ana nakala ileile. Nikifika naandika neno moja, "Salama." Saa ya kurudi ikipita bila neno, rumeti anapiga, nisipopokea anaanza kutafuta. Mama bado anaogopa, namsikia kwenye sauti. Lakini sasa anaogopa akiwa na majina ya vituo mkononi.

Methali yake sijaikataa, maana mtembezi asiyejua anakokwenda kweli atakula miguu yake. Ila wahenga hao hao walituachia nyingine: mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi nimeokota njia ya kwenda hospitali.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa nasimama kituo cha Ubungo saa mbili asubuhi. Ukimwona binti mwenye kanga ya bluu begani na karatasi mkononi, njoo useme mambo. Tutapanda la Kivukoni.